Okot p'Bitek: Msomi wa Oxford aliyempa sauti mke asiyejua kusoma

Katika tamthilia ya Pygmalion ya George Bernard Shaw, msichana muuza maua wa mitaani London anafundishwa matamshi ya tabaka la juu kwa miezi sita, kisha anapelekwa miongoni mwa wakubwa na hakuna anayeitambua asili yake. Tamthilia hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1913, ikafika London mwaka 1914, na zaidi ya karne moja baadaye bado inarudishwa jukwaani. Ukumbi wa Old Vic wa London uliionyesha tena mwaka 2023.

Kinachoifanya iendelee kuishi ni swali linalobaki baada ya ushindi wa mwalimu. Eliza, yule msichana, amefaulu. Sasa hawezi kurudi kuuza maua, na hao wakubwa nao hawana nafasi ya kumpa. Elimu imemtoa mahali pamoja na haikumfikisha pengine.

Afrika Mashariki ililipata jibu lake kwa swali hilo mwaka 1966, kutoka kwa mtu aliyesoma Uingereza hadi Oxford kisha akarudi nyumbani kuandika upande wa wale ambao shule iliwaacha nyuma. Mtu huyo ni Okot p'Bitek, mshairi wa Kiacholi wa Uganda, aliyefariki mwaka 1982. Miaka mingi ya maisha yake ya utu uzima aliiishi Kenya, ng'ambo ya mpaka, kwa sababu nchi yake haikumtaka.

Mahali pa kumsomea Okot ni pengi, lakini ni pachache ambapo maneno yake hueleweka haraka kama katika ukanda wa Busia na Tororo. Hapa mtu huamka akizungumza Kisamia, Kiteso au Dhopadhola, huuza na kununua kwa Kiswahili au Kiganda, na jioni humkagua mtoto wake daftari lililoandikwa kwa Kiingereza. Kila lugha ina daraja lake, na kila mmoja anajua ipi inamfungulia mtu mlango wa ofisi.

Mwana wa mwalimu na mwimbaji

Okot alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931. Baba yake, Jebedayo Opi, alikuwa mwalimu wa shule. Mama yake, Lacwaa Cerina, alifahamika kwa uimbaji, utunzi wa nyimbo na uchezaji wa ngoma. Kwa hiyo vyuo viwili vilikuwa chini ya paa moja: cha ubao na chaki, na cha ngoma na hadithi za jioni.

Kijana huyo alivisoma vyote viwili. Alipitia Gulu High School, kisha King's College Budo karibu na Kampala, shule iliyolea watoto wa machifu na viongozi wengi wa baadaye wa Uganda. Huko alijulikana kwa kuimba, kucheza, kupiga ngoma na kukimbia, na akiwa bado mwanafunzi alitunga na kuandaa mchezo wa kuimba wa jukwaani.

Baada ya Budo alisomea ualimu Mbarara, kisha akafundisha katika shule ya Sir Samuel Baker karibu na Gulu. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 22 hivi, alichapisha riwaya yake ya kwanza, Lak Tar. Aliiandika kwa Kiacholi, wakati ambapo kijana msomi aliyetaka kusifiwa angetarajiwa kuandika kwa Kiingereza.

Riwaya hiyo inamhusu kijana asiye na mali ya kulipia mahari. Anaondoka kwao kwenda kusini, Kampala na Jinja, kutafuta kibarua. Anafanya kazi katika shamba la miwa, anajinyima, anaweka akiba, na akiwa njiani kurudi anaibiwa alichokusanya. Anafika nyumbani mikono mitupu. Msomaji wa leo wa Tororo au Busia, anayewafahamu vijana waliofuata njia hiyohiyo kwenda Kampala au Nairobi, hahitaji kufafanuliwa hadithi hiyo.

Miguu mitupu Uingereza

Okot hakufika Uingereza kama mwanafunzi. Alifika mwaka 1956 akiwa mchezaji wa timu ya taifa ya kandanda ya Uganda iliyokwenda huko kwa ziara ya mechi za kirafiki, timu ambayo Waingereza waliikumbuka kwa sababu wachezaji wake walicheza pekupeku. Ziara ilipokwisha, yeye alibaki kusoma.

Alianza na mafunzo ya ualimu Bristol. Akaenda Aberystwyth, Wales, kusomea sheria. Kisha akaingia Oxford kusomea anthropolojia, na mwaka 1963 akamaliza tasnifu kuhusu fasihi simulizi ya Waacholi na Walango.

Miaka hiyo Waingereza walikuwa wakiifurahia upya hadithi ya Eliza. My Fair Lady, mchezo wa muziki uliotokana na Pygmalion, ulianza kuonyeshwa New York mwaka uleule Okot alipowasili Uingereza, na mwaka 1958 ukafika London, ambako ulijaza ukumbi kwa miaka kadhaa. Watazamaji walicheka na kulia kwa ajili ya msichana wa Kiingereza anayedharauliwa kwa namna anavyotamka maneno.

Darasani Oxford, Okot alikutana na dharau ya aina hiyo ikiwa imevaa joho la kitaaluma. Baadaye alieleza jinsi tangu mhadhara wa kwanza kabisa mwalimu alivyowaita Waafrika kwa majina ya kuwadunisha, kama watu wa zamani ambao bado hawajastaarabika. Alipinga hapohapo, na pingamizi lake halikubadilisha kitu. Alimaliza masomo, lakini ugomvi huo hakuusahau. Aliuendeleza kwa ukali katika kitabu chake kuhusu namna wasomi wa Magharibi walivyoziandika dini za Afrika, akidai kwamba waliivisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki na ya Kikristo isiyoyahitaji.

Hapo ndipo tofauti yake na Shaw inapoonekana. Shaw, Mwairishi aliyeacha shule akiwa bado kijana, aliitazama ngazi ya matabaka ya Waingereza akaifanyia mzaha. Okot aliipanda ngazi ya elimu yao hadi karibu na kileleni, akageuka kuwatazama waliobaki chini, na akauliza ni nani aliyesema kwamba huko waliko ni chini.

Lawino na Ocol

Jibu lake lilichapishwa Nairobi mwaka 1966 na East African Publishing House kwa jina la Song of Lawino. Ni utenzi mrefu unaosemwa na mwanamke mmoja, Lawino, mke wa Kiacholi. Mumewe, Ocol, amesoma hadi chuo kikuu. Amerudi na shahada, na pamoja na shahada amerudi na aibu: anamwonea aibu mkewe, mama yake, chakula cha kwao, ngoma ya kwao na hata namna kwao wanavyohesabu saa.

Ocol amempata mwanamke mwingine, Clementine, anayejipodoa kama Wazungu na kuzungumza Kiingereza. Lawino anaumia, lakini wivu si kiini cha malalamiko yake. Analalamika kwamba mumewe amejaza nyumba vitabu, na vitabu hivyo havikumfundisha kuwasalimu wageni kwa heshima. Anasema elimu imemnyang'anya uanaume wake mbele ya ukoo. Hawachukii Wazungu kwa kuwa na desturi zao; anachokataa ni kuambiwa kwamba desturi zake yeye si kitu. Methali maarufu ya Kiacholi, inayoonya dhidi ya kuharibu mmea wa boga uliolisha nyumba ya mababu, ndiyo uti wa mgongo wa kitabu kizima.

Ukiuweka utenzi huu kando ya Pygmalion, hadithi ni ileile iliyogeuzwa kichwa chini. Kwa Shaw, mwenye elimu anampokea msichana wa mtaani ili ambadilishe. Kwa Okot, mwenye elimu ni yule aliyekwisha kubadilishwa, na asiyebadilishwa ndiye anayetoa hukumu. Eliza anapigania kuonekana mtu baada ya kufundishwa. Lawino anasema alikuwa mtu kabla hajakutana na mwalimu yeyote.

Kitabu kilipokewa kwa kishindo. Mashairi ya Kiingereza yaliyoandikwa Afrika Mashariki kabla yake yalifuata sana mifano ya washairi wa Uingereza. Hili lilikuja na sauti ya mwanamke anayelia, anayekejeli na anayecheza ngoma, kwa mtiririko wa nyimbo za Kiacholi. Waandishi wengine wakaifuata njia hiyo kiasi kwamba wahakiki wakaanza kuzungumzia mtindo wa nyimbo kama tawi kamili la ushairi wa eneo hili. Maandishi ya Kiacholi, Wer pa Lawino, yalitoka mwaka 1969. Tafsiri ya Kiswahili, Wimbo wa Lawino, iliyofanywa na Paul Sozigwa wa Tanzania, ilitoka mwaka 1975.

Si wote waliokubali. Wapo waliosema Lawino anapambwa mno, kwamba kijiji chake hakina njaa wala ugomvi, na kwamba mwanamke halisi wa Kiacholi angekuwa na malalamiko pia dhidi ya mila zenyewe. Wengine waliuliza ni haki gani mtu mwenye elimu ya Oxford kuwahubiria wenzake ubaya wa shahada. Okot alilijua swali hilo. Mwaka 1970 alimpa Ocol naye nafasi ya kujibu, katika Song of Ocol, na jibu hilo linatisha: mwanasiasa tajiri anayeichukia Afrika kwa sababu anajichukia mwenyewe, na anayewaeleza wakulima waliompigia kura kwamba uhuru haukuwa wao.

Jukwaa la Kampala

Kwa Okot, wimbo usioimbwa ulikuwa nusu tu ya wimbo. Aliporudi Uganda kutoka Oxford alifanya kazi Gulu katika idara ya Makerere ya elimu ya watu wazima, na huko alianzisha tamasha la sanaa lililowakusanya wachezaji wa ngoma, waimbaji na wasimulizi wa vijijini.

Mwaka 1966 aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa Kituo cha Utamaduni cha Taifa mjini Kampala, chenye Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza. Ukumbi huo ulifunguliwa mwaka 1959, wakati wa ukoloni, na kwa miaka yake ya mwanzo jukwaa lake lilitawaliwa na michezo ya Ulaya iliyoigizwa na wageni kwa ajili ya wageni wenzao. Okot aliwafungulia milango wapiga ngoma wa vijijini. Hakuifuta michezo ya Kiingereza. Aliuliza kwa nini hiyo peke yake iitwe tamthilia, na ngoma ya kijijini iitwe burudani.

Lakini mwaka huo ulikuwa mgumu. Mei 1966 majeshi ya serikali ya Milton Obote yaliishambulia ikulu ya Kabaka Mengo, na katiba ya uhuru ilikuwa imekwisha kuwekwa kando. Msanii mwenye ulimi mkali, aliyewaandika wanasiasa kama watu wanaogombana huku mwananchi akibaki maskini, hakuwa mtumishi wa umma wa kustarehe naye. Muda si mrefu, baada ya safari ya Zambia, Okot alifutwa kazi. Sababu inayotajwa zaidi ni kwamba aliikosoa serikali.

Ng'ambo ya mpaka

Barabara kutoka Kampala kwenda Kenya hugawanyika upande wa mashariki: tawi moja huelekea Tororo na Malaba, jingine Busia, na kutoka Busia hadi Kisumu si safari ya siku nzima. Mpaka unaokatiza hapo ni mchanga kuliko watu wanaouvuka. Hadi mwaka 1902, ukanda wa magharibi wa Kenya ya leo ulihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Waingereza walipouhamishia upande wa pili, Wasamia na Wateso wakajikuta na ndugu katika nchi mbili.

Kwa Mwacholi kama Okot, ukanda huu haukuwa ugenini kabisa. Wajopadhola wa Tororo ni Waluo waliotoka kaskazini karne nyingi zilizopita, na lugha yao ni ndugu ya Kiacholi upande mmoja na ya Dholuo ya Kenya upande mwingine. Msomi aliyeandika vitabu kuhusu dini na nyimbo za Waluo wa kati alikuwa sasa akiishi miongoni mwa Waluo wa kusini.

Alipata kazi Kisumu, katika idara ya elimu ya watu wazima ya chuo kikuu cha Nairobi, na alichofanya Gulu akakirudia hapo: mwaka 1968 alianzisha tamasha la sanaa la Kisumu. Mwaka huohuo Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wao wa kutaka idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Mjadala ambao Lawino aliuanzisha jikoni ulikuwa umefika kwenye vikao vya chuo kikuu. Okot mwenyewe baadaye alifundisha Nairobi hadi mwaka 1978, baada ya kipindi kifupi Iowa, Marekani.

Kenya ilimpa kazi, wachapishaji na wasomaji, na haikuepuka kalamu yake. Mwaka 1971 alitoa Song of Prisoner, kilio cha mfungwa aliyepigwa na kusahauliwa katika nchi huru, kitabu kilichoandikwa katika kivuli cha kuuawa kwa Tom Mboya mwaka 1969. Pamoja nacho ilitoka Song of Malaya, ambamo kahaba anawaumbua wanaume wenye heshima wanaomtembelea usiku na kumlaani mchana. Vikiwa katika juzuu moja, vitabu hivyo vilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1972.

Miaka ya hofu

Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote. Okot hakurudi. Waliobaki au waliorejea walilipa gharama ambayo ukanda wa Tororo unaikumbuka vyema.

Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum, Mwacholi kama Okot, aliuawa pamoja na mawaziri wawili. Mmoja wao, Charles Oboth Ofumbi, alikuwa mwenyeji wa Tororo. Kabla ya kuwa waziri alikuwa amefanya kazi ambayo Okot angeiheshimu: aliandika kitabu cha historia na mila za Wajopadhola, kilichochapishwa mwaka 1960. Mwaka huohuo wa 1977 aliuawa pia Byron Kawadwa, mwandishi na mwongozaji wa tamthilia za Kiganda aliyekuwa kiongozi wa kisanaa katika Ukumbi wa Taifa, jengo lilelile ambalo Okot alifukuzwa.

Kwa hiyo kufukuzwa kazi, jambo lililomuumiza Okot, huenda ndiko kulikomwokoa. Alitunga vitabu vyake nje ya nchi, Kenya na kisha Nigeria, ambako alifundisha Ife. Katika miaka hiyo alichapisha Horn of My Love, mkusanyiko wa nyimbo za Kiacholi, mwaka 1974, na Hare and Hornbill, mkusanyiko wa hadithi za jadi, mwaka 1978. Ni kana kwamba, akiwa mbali, alikuwa akikusanya alichorithi kwa mama yake kabla hakijapotea.

Kurudi na kufariki

Amin aliondolewa Aprili 1979. Okot alirejea Uganda, na mwaka 1982 Makerere ikamteua kuwa profesa wa uandishi wa kubuni. Aliyekuwa madarakani tena ni Obote, rais ambaye serikali yake ya kwanza ndiyo iliyomfuta kazi.

Hakupata muda wa kuifaidi nafasi hiyo. Julai 1982, miezi michache tu baada ya uteuzi, alifariki Kampala akiwa na umri wa miaka 51. Insha zake kuhusu msanii kama mtawala wa kweli wa jamii zilichapishwa mwaka 1986, na tafsiri ya Kiingereza ya riwaya yake ya kwanza ikatoka mwaka 1989. Baadhi ya watoto wake nao wamekuwa washairi.

Wimbo wa Lawino umeigizwa jukwaani mara nyingi tangu wakati huo, na umesomwa na vizazi vya wanafunzi wa pande zote mbili za mpaka. Katika mashindano ya maigizo ya shule, Kenya na Uganda, mashairi ya kukariri kwa makundi na ngoma za asili vimo kwenye orodha ya yanayoshindaniwa na kupewa alama, jambo ambalo walimu wa enzi za Budo ya ukoloni wasingelitarajia.

Upande wa lugha pia mengi yamebadilika. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kufundishwa shuleni. Busia na Tororo, ambako mfanyabiashara alikuwa akikitumia muda mrefu kabla ya serikali kukitambua, uamuzi huo uliikuta kazi imeshafanywa na soko.

Hata hivyo, hoja ya Lawino haijapitwa na wakati. Mtoto wa Busia bado hupimwa akili kwa Kiingereza chake. Mzazi aliyeuza samaki au mahindi ili kumlipia karo bado anaweza kunyamaza siku ya wazazi shuleni, akihofia matamshi yake yatamwaibisha mwanawe mbele ya walimu. Na Wimbo wa Lawino wenyewe, ulioandikwa kumtetea mwanamke asiyejua Kiingereza, husomwa na wengi zaidi katika lugha ya Ocol kuliko katika Kiacholi au Kiswahili.

Okot aliujua mkanganyiko huo, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyeutafsiri kwa Kiingereza. Alikubali kuitumia lugha ya shule ili shule isikie. Lakini aliuandika kwanza katika lugha ya mama yake, na kisha hakuacha kuanzisha matamasha, Gulu, Kampala na Kisumu, mahali ambapo mwimbaji asiye na cheti angeweza kupanda jukwaani na msomi akakaa chini kumsikiliza.